Mashine ya kufulia ya zamani: Siri ya kutoa povu ni kukamua, si kumwaga maji

MWENYE nyumba ya wageni akiletewa mashuka na dobi, hatazami weupe peke yake. Huyapapasa na kuyanusa. Shuka likiwa gumu kama turubai, likiwa bado lina harufu ya sabuni, na mteja aliyelalia usiku akaamka anajikuna, dobi huyo asishangae wiki inayofuata kazi ikipelekwa kwa mwingine.

Kwa kawaida lawama huangukia mashine. “Imezeeka hii, haisuuzi,” ndiyo kauli inayosikika. Mwenye biashara anaanza kutafuta mkopo wa kununua mpya. Kabla hajafika huko, ni vizuri ajiulize: je, tatizo ni uzee wa mashine, au ni namna sabuni inavyotolewa kwenye nguo?

Makala haya yanaeleza jinsi mashine za zamani zinavyosuuza, kwa nini baadhi yake zinafanya kazi hiyo vizuri kuliko mpya, na jinsi mfanyabiashara mdogo wa Bariadi, Maswa au Lamadi anavyoweza kupunguza madumu ya maji bila kurudisha nguo zenye povu.

Kwa nini ni suala la biashara

Tangu Simiyu ilipofanywa mkoa mwaka 2012, Bariadi si mji ule uliokuwa makao ya wilaya tu ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Zimekuja ofisi za mkoa, watumishi wapya na wageni wa kikazi. Maonesho ya kitaifa ya Nane Nane yalipofanyika Nyakabindi mwaka 2018, 2019 na 2020, wenye vyumba vya kulala waliona mahitaji yanavyopanda kwa siku chache. Kila chumba kina mashuka na taulo, na mtu wa kuvifua lazima apatikane.

Hata hivyo, Simiyu ni mkoa wenye vipindi virefu vya ukame. Mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria katika wilaya za Busega, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu uliidhinishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017, na sababu ya kuuombea fedha ilikuwa hiyohiyo ya uhaba wa maji. Kwa dobi, iwe anachota bombani, kisimani au ananunua kwa mwenye mkokoteni, maji yana bei. Tena sehemu kubwa ya maji hayo haitumiki kufua, bali kusuuza.

Aina tatu za mashine

Mashine kuukuu zinazouzwa kama mitumba ziko za aina tatu.

Ya kwanza ni ya mapipa mawili. Pipa moja hufua, na pipa dogo la pembeni hukamua kwa kuzunguka kwa kasi. Nguo huhamishwa kwa mkono kutoka pipa moja kwenda jingine. Wengi huidharau kwa sababu inahitaji mtu wa kuisimamia.

Ya pili ni ya pipa moja linalofunguliwa juu, lenye mhimili wa mapanga katikati. Ndiyo iliyozoeleka kwa miaka mingi majumbani Marekani. Hujaza maji pipa zima kwa kufua, huyatoa, kisha hujaza tena kwa kusuuza. Kwa mzigo mmoja zile za zamani hutumia lita 150 hivi, yaani madumu saba na nusu ya lita 20. Maji yake mengi huondoa povu vizuri, lakini kasi yake ya kukamua ni ndogo.

Ya tatu ni yenye mlango wa mbele. Za zamani za Ulaya zilitumia lita 100 au zaidi na kusuuza mara kadhaa. Mpya za aina hiyohiyo hutumia lita 50 hivi. Hapo ndipo wengi wanapoteleza: wananunua mashine mpya kwa sababu inaokoa maji, halafu wanaitilia sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono.

Sabuni hiyo imetengenezwa itoe povu jingi, kwa kuwa mfuaji wa beseni hupenda kuliona. Ndani ya mashine ya mlango wa mbele, povu hujaa na kuwa kama godoro. Nguo hazianguki na kupigana jinsi inavyotakiwa. Pampu hunyonya povu badala ya maji, na pipa hushindwa kufikia kasi ya kukamua. Nguo zinatoka zikiwa zimebeba sabuni ileile zilizoingia nayo. Mashine za mlango wa mbele zinataka sabuni ya povu dogo, ambayo paketi yake huandikwa kuwa ni ya mashine otomatiki.

Mashine ya mapipa mawili haina adha hiyo kwa kiwango kikubwa. Povu likizidi, mfuaji analiona kwa macho na kulipunguza. Maji yakikatika, anajaza kwa ndoo. Aidha, pipa lake la kukamulia ni dogo na lina kasi kubwa. Kasi hiyo ndiyo mtaji wake.

Hesabu ya madumu

Watu wengi huamini kwamba povu huondolewa na wingi wa maji. Ni kweli kwa sehemu. Kinachobakiza sabuni kwenye nguo ni yale maji ya kufulia ambayo nguo imeyashikilia wakati inaingizwa kwenye maji ya kusuuzia. Shuka la pamba hushikilia maji mengi. Kitambaa cha nailoni au poliesta hushikilia kidogo, ndiyo maana huisha povu haraka.

Tuchukue mfano wa kilo nne za mashuka makavu ya pamba, katika pipa linalobeba lita 40.

Ukitoa maji bila kukamua, mashuka hayo yanaweza kubaki na lita 10 za maji ya sabuni. Ukiongeza lita 30 za maji safi, pipa linajaa. Sabuni iliyokuwa katika lita 10 sasa imesambaa katika lita 40, kwa hiyo ukali wake umebaki robo. Ukirudia mara ya pili unabaki moja ya kumi na sita. Mara ya tatu, moja ya sitini na nne. Umetumia lita 90.

Sasa ukamue kwanza kwa pipa la pembeni. Mashuka yanabaki na lita nne tu. Ukiongeza lita 36 za maji safi, ukali wa sabuni unashuka hadi moja ya kumi kwa mara moja. Kamua tena, suuza mara ya pili, na umefika moja ya mia. Umetumia lita 72.

Maana yake ni kwamba kusuuza mara mbili ukiwa umekamua kunashinda kusuuza mara tatu bila kukamua, na unabakiza lita 18 kwa kila mzigo. Dobi anayefua mizigo sita kwa siku anaokoa lita 108, ambazo ni zaidi ya madumu matano. Kwa siku 26 za kazi ni karibu madumu 140. Tuseme dumu moja unalipata kwa Sh200: hizo ni Sh28,000 kwa mwezi. Weka bei unayolipa wewe, upate jibu lako.

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Lita zile 72 ungezimwaga zote kwa mkupuo mmoja juu ya mashuka yaliyokamuliwa, ukali wa sabuni ungeshuka hadi moja ya kumi na tisa tu. Ukizigawa mara mbili, na kukamua katikati, unafika moja ya mia. Maji ni yaleyale, tofauti ni mpangilio.

Kanuni ni fupi: fua, kamua, suuza, kamua, suuza, kamua. Anayeruka kukamua kwa kwanza ili aharakishe kazi huilipia kwa maji.

Pipa linalokataa kukimbia

Faida hii hupatikana endapo pipa la kukamulia linazunguka kwa kasi yake. Hapo ndipo uzee wa mashine unapokuwa na maana, na mara nyingi dawa yake ni ndogo.

Angalia kwanza bomba la kutolea maji. Nyuzi, mchanga na mabaki ya sabuni huliziba, maji yakabaki chini ya pipa na kulizuia kuzunguka. Povu nalo likijaa kati ya pipa la ndani na la nje hufanya kazi ya bereki. Ukiona pipa linaanza vizuri kisha linalegea, zima, mwaga maji safi kidogo juu ya nguo, subiri povu lishuke, kisha washa tena.

Pili, panga nguo kwa uwiano. Shuka moja lililokunjamana upande mmoja hulifanya pipa ligonge na kutikisika. Sambaza nguo kuzunguka pipa, zikandamize, na urudishe kile kifuniko cha plastiki kinachokaa juu yake.

Tatu, mwite fundi aangalie bereki isiyoachia vizuri, kapasita iliyochoka na mpira wa chini unaovuja. Kwenye pipa la kufulia aangalie mkanda uliolegea. Matengenezo ya vitu hivi huwa na gharama ndogo kuliko kununua mashine nyingine.

Usisahau usalama. Mashine kuukuu inayokaa kwenye sakafu yenye maji iwe na waya wa ethi uliofungwa na fundi anayejua kazi yake. Mkono usiingie kwenye pipa la kukamulia kabla halijasimama kabisa.

Maji ya kisima yanavyodanganya

Wafuaji wengi hupima kwa macho: povu likiisha kwenye maji ya kusuuzia, kazi imekwisha. Kipimo hiki hakiaminiki pale maji yanapokuwa magumu, yaani yenye chokaa na madini mengine, kama yalivyo maji ya visima vingi.

Maji magumu huua povu. Sabuni ya mche ikikutana nayo hugeuka utando wa kijivu unaong'ang'ania kwenye nyuzi, na ndio unaofanya shuka jeupe lifubae na taulo likwaruze. Sabuni ya unga huvumilia zaidi, lakini nayo povu lake hupungua. Kwa hiyo mfuaji anaweza kuona maji yametulia, akaanika, kumbe sabuni bado imo.

Kipimo kizuri ni hiki. Chukua kipande cha nguo iliyokwisha kusuuzwa na kukauka, kwa mfano foronya. Iloweke kwenye maji kidogo ya mvua kwa dakika kumi. Yakamulie maji hayo kwenye chupa safi ya plastiki, funga, tikisa kwa nguvu, kisha weka chini. Mapovu machache yakipasuka haraka, umesuuza vizuri. Yakibaki juu kama maziwa yaliyochemka, sabuni ni nyingi. Maji ya mvua ni laini, hayafichi povu. Wakati wa masika kinga dumu moja ulihifadhi kwa kazi hii.

Kama maji uliyonayo ni magumu na una pipa la maji ya mvua, usiyatumie kufulia. Yaweke kwa suuzo la mwisho.

Pima sabuni, usikadirie

Povu lisiloingia halihitaji kutolewa. Wengi humimina sabuni ya unga kwa kukadiria, na wakiona povu limepungua huongeza. Kwa pipa la lita 40, anza na vijiko vinne vya chakula. Iyeyushe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu ndipo uweke nguo, kwa sababu chembe ambazo hazijayeyuka hujificha kwenye mishono na pindo, zikaja kuonekana kama vumbi jeupe baada ya kukauka. Nguo zisipotakata, ongeza kijiko kimoja mzigo unaofuata. Zikitakata, jaribu kupunguza.

Vilevile usijaze pipa hadi nguo zishindwe kugeuka. Nguo zilizobanana hazipitishi maji, na hesabu yote tuliyoifanya hapo juu inavunjika.

Maji ya sabuni yenyewe yanaweza kutumika zaidi ya mara moja. Baadhi ya mashine za Marekani za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa na mfumo wa kuyahifadhi maji ya kufulia kwenye sinki la pembeni na kuyarudisha kwa mzigo wa pili. Mwenye mapipa mawili hahitaji mfumo huo: anafua nyeupe kwanza, anazihamishia kwenye pipa la kukamulia, kisha anatia za rangi kwenye maji yaleyale, na mwisho nguo za kazi. Nguo za mgonjwa na nepi za mtoto zisiingie kwenye mzunguko huu.

Nguo za kupulizia pamba

Simiyu ni mkoa wa pamba, na pamba hupuliziwa dawa. Nguo za mpuliziaji ni jambo ambalo dobi na mkulima hawapaswi kulichukulia kwa mzaha, kwa kuwa kinachotakiwa kutoka hapo si povu peke yake.

Nguo hizo zifuliwe siku hiyohiyo, peke yake, zisichanganywe na za familia wala za mteja mwingine. Anayezishika avae glovu. Zisuuzwe kwanza kwa maji matupu, ndipo zifuliwe kwa sabuni na maji ya moto, zikamuliwe na kusuuzwa si chini ya mara mbili, kisha zianikwe juani. Baada ya hapo mashine izungushwe tupu ikiwa na maji na sabuni, maji hayo yamwagwe, ndipo mzigo mwingine uingie. Nguo iliyomwagikiwa dawa ambayo haijachanganywa na maji isifuliwe. Itupwe kwa namna ambayo hakuna atakayeiokota.

Dobi ana haki ya kumuuliza mteja wake nguo zimetoka wapi. Anayeona aibu kuuliza anahatarisha ngozi ya mtoto wa mteja mwingine.

Maji machafu yaende wapi

Mfugaji hatapenda kuona maji ya povu yakitiririka kuelekea lambo ambalo ng'ombe wanakunywa. Aidha, sabuni za unga zina chumvi za sodiamu. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaonata ukilowa na kupasuka ukikauka, sodiamu nyingi huvuruga udongo ukashindwa kupitisha maji. Maji ya kwanza ya kufulia yaende kwenye shimo lililojazwa mawe, mbali na kisima.

Maji ya suuzo la mwisho ni habari nyingine. Baada ya hesabu ya moja ya mia, sabuni iliyomo ni kidogo. Yanafaa kuloweka mzigo unaofuata, kuosha sakafu, au kumwagilia miti ya kivuli kwa kubadilisha mahali. Maji ya nguo za kupulizia dawa hayamo katika ruhusa hii.

Ukienda kununua mtumba

Geuza mashine usome kibati cha nyuma kabla ya kutoa fedha. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na hezi 50. Mashine iliyotumika Marekani ni ya volti 120 na hezi 60. Ya Japani ni ya volti 100, na hezi zake ni 50 au 60 kutegemea upande wa nchi ilikotumika.

Transfoma ya kushusha umeme hurekebisha volti, haigusi hezi. Mota ya kawaida iliyotengenezwa kwa hezi 60 pekee, ikiwekwa kwenye hezi 50 hupoteza moja ya sita ya kasi yake na hupata joto zaidi. Kwa kuwa tumeona kwamba kasi ya kukamua ndiyo inayotoa sabuni, mashine ya namna hiyo itakugharimu maji kila siku hata kama bei yake ilikuwa nafuu. Tafuta kibati kilichoandikwa hezi 50, au 50/60.

Kisha omba kuijaribu. Nenda na shuka lako zito, lilowe maji, litie kwenye pipa la kukamulia kwa dakika tatu. Likitoka bado linachuruzika ukilikunja mkononi, pipa hilo limechoka. Likitoka unyevu tu, una mashine ya kazi, hata kama rangi imebanduka na umri wake ni miaka 20.

Mwisho, nunua daftari. Andika kila mzigo: kilo za nguo, vijiko vya sabuni, madumu ya maji, na malalamiko ya mteja kama yapo. Baada ya mwezi mmoja utajua kama unahitaji mashine mpya, mkanda mpya, au kuacha tu kuruka ile hatua ya kukamua. Wahenga wa biashara walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.